Chumba cha ufukweni, bahari iko wapi?

SWALI: Shangazi, mimi na mume wangu tulilala siku 4 kwenye hoteli ya kifahari kisiwani. Pichani mawimbi yalikuwa mlangoni. Kila asubuhi tulikuta mchanga mtupu na miamba. Tulidanganywa?

JIBU: Pole, mwanangu. Picha ilipigwa maji yamejaa, nanyi nahisi mlifika wakati wa bamvua. Bamvua huja mwezi unapoandama au ukiwa mpevu: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Tena kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo asubuhi kavu ya leo, wiki ijayo huenda ikawa ya kuogelea. Kabla ya kulipa, hesabu siku tangu mwezi uandame, kisha waulize hotelini: maji yakipwa, ni hatua ngapi mpaka yakufike kiunoni?

Mimi lakini napenda mno bahari iliyokupwa. Vaa viatu, inamia kidimbwi kimoja mwambani. Nilimwona humo kaa mdogo kama ukucha, akiburura kombe la konokono mgongoni; nilimtazama hadi maji yakanifika vifundoni. Wewe geuka mapema, maji yakirudi hupita pia nyuma yako.