Kurudi kwenye Gofu kwa Bajeti Ndogo: Fimbo Ipi Inunuliwe Kwanza

Niliacha gofu kwa miaka 11. Watoto walikuwa shuleni, biashara ya mbao hapa Mafinga ilinihitaji kila Jumamosi, na fimbo zangu za zamani ziliishia kuliwa na kutu katika stoo iliyokuwa ikivuja. Niliporudi, nikiwa na umri wa miaka 54, mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba mchezo huu utatengewa shilingi 600,000 na si zaidi. Katika wiki ya kwanza nilitumia 280,000 kati ya hizo kununua draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, na fedha hizo zilipotea zote. Zile 320,000 zilizobaki ndizo zilizonifundisha namna ya kununua fimbo, na mafunzo hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa kwa ajili ya wenzangu wanaofikiria kurudi uwanjani.

Nilianza na draiva kwa sababu ndiyo fimbo niliyokuwa nikiikumbuka. Mtu aliyewahi kucheza hukumbuka ule mpira uliopaa juu ya ukungu wa asubuhi kule Mufindi, ukavuka bonde na kutua mbali katikati ya njia, huku mashamba ya chai yakiwa kila upande. Kumbukumbu hiyo ni tamu, lakini si msingi mzuri wa kugawa fedha. Katika duru ya mashimo 18 yenye jumla ya mikwaju 72, hesabu yenyewe ya kiwanja hutenga mikwaju 36, yaani nusu kamili, kwa ajili ya kusukuma mpira kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo. Draiva hutumika mara 14 tu iwapo mchezaji ataichomoa kwenye kila shimo lisilo fupi, na mchezaji anayerudi hapaswi kuichomoa mara zote hizo. Mikwaju mingine mingi hupigwa ndani ya mita 100 kutoka kwenye shimo. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aanze kununua kutoka kwenye grini kurudi nyuma: kwanza fimbo ya kusukumia, kisha weji, yaani fimbo fupi yenye uso ulioinama sana wa kupaisha mpira, kisha fimbo za chuma za katikati, na draiva iwe ya mwisho kabisa.

Kanuni za mchezo zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, lakini haziweki idadi ya chini. Hilo ni jambo la kushikilia, kwa sababu wauzaji wengi hukufanya uone kwamba mkoba usiojaa ni aibu. Mimi nilirudi na fimbo nane. Sita kati ya hizo nilizipata kwa mtu aliyekuwa akihama, ambaye seti yake ilikuwa imepotelewa na namba 4 na namba 5, na kwa sababu hiyo alikuwa ameshindwa kuiuza kwa miezi kadhaa. Alinipa namba 6 hadi 9, weji ya kawaida yenye herufi P, na haibridi moja, yaani fimbo iliyo kati ya ya mbao na ya chuma, yenye uso ulioinama nyuzi 22, vyote kwa shilingi 180,000. Fimbo ndefu za chuma zilizokosekana ndizo zilezile ambazo mtu wa umri wangu hawezi kuzitumia vizuri, kwa kuwa uso wake umesimama sana na zinahitaji kasi ya mikono ambayo sinayo tena. Haibridi hufanya kazi ya fimbo hizo kwa urahisi zaidi, maana kichwa chake ni kinene, uzito wake uko chini na nyuma, na mpira hupaa hata ukiwa umezama kidogo kwenye nyasi. Seti pungufu, basi, isikutishe. Uliza kwanza ni namba zipi zimekosekana.

Katika kuchagua fimbo za chuma, angalia mgongo wa kichwa. Zile zenye mgongo bapa na mwembamba kama kisu ni za wachezaji wanaopiga katikati ya uso kila mara. Zile zenye shimo mgongoni, ambapo chuma kimesogezwa pembezoni, humsamehe mchezaji anapokosea, kwa kuwa kichwa hakigeuki sana mpira unapogonga pembeni. Aliyeeneza sana wazo hili la kusambaza uzito pembezoni ni mhandisi Karsten Solheim, aliyeanzisha kampuni ya Ping nchini Marekani mwaka 1959, na fimbo zake za Eye 2 zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 bado zinachezwa hadi leo. Nazitaja kwa sababu mnunuzi wa fimbo zilizotumika akikutana na seti ya miaka 20 au 30 iliyotunzwa vizuri, umri pekee usimkimbize. Chuma hakizeeki kwa namna ambayo matangazo hutaka tuamini.

Hata hivyo, kuna jambo moja la umri ambalo lazima lizingatiwe, nalo ni mwinamo wa uso. Namba iliyochorwa kwenye kitako cha fimbo haina kipimo kinacholazimishwa na kanuni. Namba 7 ya zamani ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 34 hadi 36 hivi, wakati namba 7 nyingi za miaka ya karibuni zina nyuzi 30 au hata chini ya hapo. Ndiyo maana mtu akijaribu seti mpya hufurahi kwamba anapiga mbali, kumbe ameshika fimbo ambayo zamani ingeitwa namba 6 au namba 5. Rafiki yangu wa Iringa mjini alinunua seti ya aina hiyo, ambayo weji yake ya P ina nyuzi 44, akaiunganisha na weji yake ya zamani ya mchangani yenye nyuzi 56. Kati ya fimbo hizo mbili kulikuwa na pengo la nyuzi 12. Alikuwa akipiga mita 105 kwa moja na mita 70 kwa nyingine, na kila alipobakiza mita 85 au 90 hakuwa na fimbo ya kushika. Ilimbidi apunguze nguvu katikati ya pigo, jambo linaloharibu mikono ya mchezaji yeyote. Baada ya msimu mzima wa kuhangaika alilazimika kununua weji ya tatu ya nyuzi 50. Angeuliza mwinamo kabla ya kulipa, angetafuta seti ya zamani ambayo P yake ina nyuzi 47 au 48, na fedha hiyo ya tatu angeiokoa.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu na umbali. Huku Mufindi tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira hukutana na ukinzani mdogo kuliko pwani. Pigo linalofika mita 120 Dar es Salaam linaweza kuongezeka mita saba, nane au zaidi huku kwetu, ingawa baridi ya mwezi wa sita na wa saba hurudisha sehemu ya faida hiyo. Kwa hiyo usikubali mtu akuuzie fimbo kwa kukuonyesha tu jinsi mpira ulivyokwenda mbali. Linganisha na fimbo nyingine iliyopigwa siku hiyohiyo, mahali hapohapo, na mpira wa aina ileile.

Nikija kwenye mpini, yaani ule mti unaounganisha mshikio na kichwa, hapa ndipo wanaorudi hujidanganya zaidi, na nasema hivyo kwa upendo. Tunanunua mpini wa mwili tuliokuwa nao. Nilipokuwa na miaka 40 nilitumia mpini wa chuma wenye herufi S, yaani mgumu, na niliporudi nilitaka uleule. Kijana aliyekuwa akinibebea mkoba, ambaye macho yake ni makali kuliko ya walimu wengi, alinitazama nikipiga mipira kumi na kuniambia kwa adabu: "Mzee, mpira unatoka chini na unakwenda kulia. Jaribu wenye R." R ni mpini wa ugumu wa kawaida, na alikuwa sahihi. Mtu anayepiga namba 7 chini ya mita 110 hivi atafute mpini laini zaidi, wenye herufi A au maandishi ya wazee, na ikiwezekana uwe wa grafaiti, ambao mara nyingi huwa na gramu 50 hadi 80, ilhali wa chuma mwingi huanzia gramu 95 na kwenda juu. Wepesi huo hauonekani kwenye shimo la kwanza. Huonekana kwenye shimo la 14, mabega yanapochoka. Kumbuka pia kwamba herufi hizo hazina kipimo kimoja kwa kampuni zote, hivyo R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kama S ya nyingine. Mwamuzi ni mpira, si maandishi.

Mlalo wa fimbo, yaani pembe kati ya mpini na ardhi, unaweza kuupima bila kulipa mtu yeyote. Bandika utepe wa karatasi kwenye kitako cha fimbo, kisha piga mipira michache ukiwa umesimama juu ya ubao laini. Mimi hutumia kipande cha mbao ya msindano kutoka karakana yangu. Alama ya mkwaruzo ikitokea katikati ya kitako, fimbo inakufaa. Ikitokea upande wa kisigino, karibu na mpini, fimbo imesimama mno kwako, na kwa mtu wa mkono wa kulia mpira utaelekea kushoto. Ikitokea upande wa ncha, imelala mno. Fimbo za Ping huonyesha jambo hili kwa kitone cha rangi: nyeusi ni ya kawaida, buluu imesimama zaidi, na nyekundu imelala zaidi. Nimewahi kuona mtu akichagua kitone chekundu kwa sababu tu kilimpendeza.

Weji ni fimbo ambayo sishauri kuinunua ikiwa imechakaa. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya uso. Ukucha ukiteleza bila kukwama, weji hiyo haitashika mpira, hasa nyasi zinapokuwa na maji. Masika yetu huanza karibu mwezi wa 11 na kuendelea hadi wa nne, na katika muda huo ardhi huwa laini mno, kwa hiyo chagua weji yenye kitako kilichobinuka vizuri, nyuzi 10 hadi 14, ili isichimbe udongo kama jembe. Yangu ya nyuzi 56 niliipata kwa 60,000. Fimbo ya kusukumia nililipa 35,000, nayo ni ya zamani. Nilichoangalia ni kwamba haikupinda, na kwamba nikiinama macho yangu yanakuwa juu ya mpira bila mgongo kuuma.

Kiasi kilichobaki, 45,000, kilikwenda kwenye mishikio. Mshikio uliokauka na kung'aa humlazimisha mtu kukaba fimbo, na mkono uliokaba hauwezi kuachia kichwa kwa wakati. Kwanza osha mishikio ya zamani kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi, maana mingi hufufuka. Iliyopasuka ikatwe. Funga mpini kwenye jiliwa ukiuzungushia kitambaa, ondoa gundi ya zamani, zungushia utepe wenye gundi pande zote mbili, lowesha utepe na ndani ya mshikio kwa petroli kidogo, kisha usukume kwa pigo moja bila kusita. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko na sigara, na uache fimbo zikauke hadi kesho yake.

Sasa niseme kuhusu ile draiva ya 280,000. Niliinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyeniambia kwamba imetoka Uingereza. Ilikuwa na jina la kampuni kubwa, na bei yake ilikuwa ndogo kiasi cha kunifanya nione nimebahatika. Wiki tatu baadaye kichwa kilichomoka na kuruka mbele ya mpira, na namshukuru Mungu hakikumpata mtu. Tulipoichunguza tuligundua mambo ambayo ningeyaona siku ya kwanza kama ningekuwa na subira. Pete nyeusi ya plastiki shingoni haikukaa sawasawa, namba ya utambulisho ilikuwa imechorwa kwa kina kisicholingana, na maandishi ya kwenye mpini yalibanduka kwa kucha kama stika. Sumaku nayo inasaidia, kwa kuwa titani haivutwi na sumaku. Kichwa kinachodaiwa kuwa cha titani kikiishika, kuna uongo mahali. Lakini kisipoishika bado si uthibitisho, kwa sababu hata aluminiamu haivutwi. Tikisa kichwa usikilize kama kuna kitu kinachocheza ndani, na ushike mpini wa grafaiti kwa mkono mmoja huku ukizungusha kichwa taratibu kwa mwingine. Mlio wowote wa kukwaruza ni dalili ya ufa.

Kuhusu mipira nitasema machache. Usinunue ya bei ghali mwaka wa kwanza. Inayookotwa kwenye chai na kuuzwa na vijana inatosha, mradi haijakatika.

Nilicheza miezi 16 bila draiva, nikianzia kila shimo kwa haibridi. Mwezi wa tatu mwaka huu, baada ya kutenga fedha nyingine, nilipata draiva yenye mwinamo wa nyuzi 12 na mpini laini kwa shilingi 150,000. Kabla ya kulipa nilimwomba mwenye nayo twende uwanjani, nikapiga mipira kumi kwa draiva hiyo na kumi kwa haibridi yangu. Saba kati ya kumi ya draiva ilibaki kwenye nyasi fupi, ndipo nilipotoa fedha mfukoni.