Barua kwa mwanangu: huyo "afisa wa TRA" aliyekupigia

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma. Unasema mtu kapiga, kajiita afisa wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), kakutajia majina yako matatu na jina la duka, kadai una deni la kodi na usipotuma laki tatu kabla ya saa kumi duka linafungwa. Hukutuma, umefanya vizuri. Sasa unauliza: siku akipiga afisa wa kweli, utamjuaje?

Kwa sauti humjui. Matapeli wanaongea kiofisi kuliko maofisa wenyewe. Na majina yako si siri: namba yako iko kwenye bango la duka, na yeyote akijifanya anakutumia hela, jina lako linamtokea kabla hajaweka namba ya siri. Anaghairi, wewe huna habari.

Tazama hela inaelekezwa wapi. Kodi inalipwa kwa kontroo namba, ile ya tarakimu 12, iwe benki au kwa simu. Haitumwi kwenye laini ya mtu. Huyo alipokupa namba ya simu, maongezi yalikuwa yameshakwisha. Hata akikupa kontroo namba, usilipe naye yuko hewani. Kata, chukua TIN yako (namba ya mlipakodi), nenda ofisi yao hapo mjini uulize kama kuna deni. Kama lipo, kesho utalikuta. Hiyo saa kumi kaiweka makusudi usipate muda wa kumuuliza mtu.

Akikwambia kuna namba itaingia kwa meseji umsomee, usimsomee. Namba ya siri ndiyo kabisa.

Baba yako anasema laini zote zina alama za vidole, kwa hiyo mwizi atakamatwa tu. Ni kweli tangu Januari 2020 zisizosajiliwa kwa vidole zilianza kuzimwa. Lakini wapo mawakala wanaomwambia mzee wa watu "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe wanamsajilia laini ya pili. Kesho tapeli anapiga kwa jina la yule mzee. Wewe piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu waifute.

Namba ya huyo jamaa iripoti 15040, ni bure. Na ikitokea mtu katuma hela, asikae kulia: apige 100, huduma kwa wateja ya kampuni yake ya simu, muda huohuo wazuie muamala kabla haijatolewa kwa wakala, halafu aende polisi achukue RB, namba ya taarifa yake.

Yule kijana anayekushikia duka mweleze haya leo hii. Wakikukosa wewe watampigia yeye, wamwambie "bosi wako yuko hapa ofisini kwetu, toa hela ya mauzo utume haraka."

Mama yako