Teknolojia Mpya Kila Kukicha: Nishike Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina miaka minne katika kazi ya kutengeneza programu kwa lugha ya JavaScript. Kila nikigeuka nakuta fremuweki mpya, yaani kiunzi kilichoandaliwa tayari cha kujengea programu. Nimeanza mafunzo ya video matano, sijamaliza hata moja. Nikitazama naelewa yote, lakini nikifungua faili tupu sijui pa kuanzia. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, wala si uvivu. Unapomtazama mtu akiandika msimbo, maamuzi yote ni yake. Wewe unayatambua tu. Kutambua ni jambo moja, kukumbuka ni jingine. Tazama dakika kumi, funga video, kisha andika ulichoona bila kurudi nyuma. Ukikwama, pambana kama dakika 20 kabla ya kufungua nyaraka rasmi. Kesho yake futa faili lile uliandike upya. Inachosha kwelikweli, lakini hapo ndipo maarifa yanapokaa.

Chagua pia programu moja ndogo uitumie kupimia kila teknolojia mpya: mtumiaji aingie kwa nenosiri, ajaze fomu, taarifa zihifadhiwe kwenye hifadhidata, kisha aweze kuzitafuta. Kwa kuwa kazi yenyewe unaijua, kigeni kitakuwa chombo peke yake. Usiishie pale inapofanya kazi. Kata intaneti katikati ya kutuma fomu. Bonyeza kitufe cha kutuma mara mbili upesi, uone kama taarifa zimeingia mara mbili. Mafunzo mengi huruka sehemu hizi, na ndizo zitakazokusumbua kazini.

Kuhusu ipi uishike: mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd alieleza msingi wa hifadhidata za uhusiano (zinazopanga taarifa katika majedwali) mwaka 1970, SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata hizo, ikawa kiwango rasmi mwaka 1986, na mpaka leo inaendesha mifumo isiyohesabika. Fremuweki ya AngularJS ilitoka 2010; Angular 2 ya mwaka 2016 iliandikwa upya kabisa, na waliokuwa wamezoea ile ya kwanza wakalazimika kujifunza karibu tangu mwanzo. Kwa maoni yetu, theluthi mbili za muda wako wa kujifunza ziende kwenye vitu vinavyobadilika polepole: HTTP (kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva), SQL, Git (chombo cha kutunza historia ya msimbo), na jinsi JavaScript inavyoshughulikia kazi zinazosubiri majibu. Fremuweki hubadilisha namna ya kujenga ukurasa, lakini ombi linalokwenda kwenye seva ni lile lile. Muda unaobaki, shika fremuweki moja tu, na kwanza uandike kwa sentensi moja ni tatizo gani la kazini kwako itakalolitatua. Sentensi ikikushinda, iache ipite.

SWALI: Nilisasisha maktaba zote za mradi (misimbo iliyoandikwa na wengine ambayo programu yangu huitumia) siku moja, programu ikagoma. Nilikosea wapi?

JIBU: Ni hapo kwenye "zote". Ukibadilisha maktaba 12 kwa mpigo, huna njia ya kujua iliyoleta hitilafu. Fungua tawi jipya katika Git (njia ya pembeni isiyogusa msimbo mkuu), sasisha moja, endesha majaribio, hifadhi badiliko hilo, ndipo uende kwenye inayofuata. Faili la package-lock.json, linaloorodhesha matoleo kamili ya maktaba unazotumia, nalo liwemo ndani ya Git, ili matoleo ya jana yarudi yalivyokuwa.

Soma namba ya toleo. Katika 4.2.1, ile 4 ikiwa 5, tarajia kitu kuvunjika. 2 ikiongezeka, kimeongezwa kitu kipya. 1 ikiongezeka, ni marekebisho. Hiyo ni ahadi ya watengenezaji tu, na baadhi yao huivunja bila kujua, kwa hiyo soma orodha ya mabadiliko kila mara.

Programu iliyogoma walau imekupa taarifa. Ya kuogopwa zaidi ni ile inayoendelea kukimbia na majibu tofauti. Katika lugha ya Python 2, 5/2 ilitoa 2. Katika Python 3 hutoa 2.5, bila onyo lolote. Jaribio linaloangalia kama programu imewaka halitaliona hilo. Andika majaribio yanayolinganisha jibu lenyewe, hasa palipo na hesabu, tarehe na fedha, na uyaandike kabla ya kugusa toleo jipya.