Swali la lugha: Nguvu, mamlaka au madaraka? Na haki, ni "ya" au "za"?

SWALI: Nimemaliza tasnifu ya uzamili katika uhusiano wa kimataifa, kwa Kiingereza. Sasa nataka kuifupisha iwe makala ya Kiswahili ili hata wasiokuwa chuoni waisome. Kichwa nilichoandika ni "Utafiti wa nguvu na haki za kijamii katika siasa ya dunia". Msimamizi wangu amekata "nguvu" akaandika "mamlaka". Amekata pia "za" akaweka "ya". Mwenzangu naye anashikilia kwamba neno ni "madaraka". Nimfuate nani? – Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Msimamizi wako amepata moja na kukosa moja. Kwenye haki mfuate. Kwenye mamlaka usimfuate, na mwenzako ndiye usimfuate kabisa.

Shida imeanzia pale ulipotafuta neno moja la kusimama mahali pa neno la Kiingereza la herufi tano, "power", ambalo lenyewe ni kapu la kila kitu. Kiswahili kimegawa mzigo huo kwa maneno kadhaa, na mgawanyo wake utaujua kwa kuangalia vitenzi. Madaraka mtu hukabidhiwa, huyashika, huyatumia vibaya, na siku ikifika huvuliwa. Mamlaka hupewa na sheria, ndani ya mpaka uliowekwa. Nguvu hakabidhiwi mtu: anazo au hana. Ndiyo maana wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hawakusema mwenye madaraka, maana huyo unaweza kumsubiri astaafu.

Chukua madaraka kwanza. Kenya huadhimisha Siku ya Madaraka tarehe 1 Juni kwa sababu siku hiyo mwaka 1963 ilipata serikali yake ya ndani. Uhuru wenyewe ulikuja tarehe 12 Desemba mwaka huohuo. Katikati hapo madaraka yalikuwa Nairobi, lakini ulinzi na mambo ya nje bado yaliamuliwa London. Waliolichagua jina hilo walijua wanachosema. Na huku kwetu Tanzania, sera ya mwaka 1972 iliitwa Madaraka Mikoani, ila katika utekelezaji wake serikali za mitaa zilivunjwa na watumishi wa serikali kuu wakapelekwa kushika usukani. Madaraka yalikwenda mikoani kweli. Nguvu ilikwenda wapi, hilo swali jingine, na ungelikosa kabisa kama maneno hayo mawili yangekuwa kitu kimoja kwako.

Mamlaka tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni ufalme. Saudia hadi leo jina lake rasmi ni Mamlaka ya Kiarabu ya Saudia. Ndugu zake humu kwetu ni malkia, milki na kumiliki. Tulipolipokea tulilipunguzia taji, likabaki kuwa haki ya kuamrisha inayotambuliwa. Kwa maneno mengine, mamlaka ni nguvu iliyopata cheti. Na wewe unayechunguza siasa za dunia unajua kwamba kazi kubwa ya nguvu hufanyika bila cheti.

Mfano wa cheti: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina wanachama 15, na watano kati yao, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, wana kura ya turufu: mmoja wao akikataa, uamuzi haupiti. Hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1945 haitaji turufu popote. Kifungu cha 27 kinataka tu kura za wanachama wa kudumu ziafikiane. Hata hivyo ni maandishi, na yamekubaliwa. Hayo ni mamlaka. (Turufu yenyewe ni ile ya karata, tuliyoachiwa na Wareno. Sijaona lugha iliyoelewa Baraza la Usalama vizuri kuliko hivyo.)

Sasa mfano usio na cheti. Mwaka Mpya wa 1980 Mwalimu Nyerere aliwauliza mabalozi waliokuwa Dar es Salaam: tangu lini Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, limekuwa wizara ya fedha ya dunia? Swali lile lilikuwa la mamlaka, na jibu lake lilikuwa wazi: halijapata kuwa. Hakuna sheria iliyoipa IMF sauti juu ya bajeti yetu. Mwalimu akakataa masharti ya mkopo wake. Lakini fedha za kigeni zilikuwa zimekauka, madukani sabuni na sukari vimekuwa vya kubahatisha, na mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, tukasaini. Kilichotufikisha pale hakikuwa mamlaka. Ni nguvu. Ukiandika "mamlaka ya IMF juu ya Tanzania" umekiri jambo ambalo Mwalimu alilikataa kwa sauti kubwa, na huenda tasnifu yako nzima inalikataa pia.

Kwa hiyo nguvu libaki, ila usiliache uchi. "Utafiti wa nguvu" msomaji anaweza kuusikia kama utafiti uliofanywa kwa kulazimisha watu, au kama kazi ya fizikia. Na kwa mtu aliyezoea matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme, "nguvu" bila maelezo ina maana moja tu, nayo haihusiani na Umoja wa Mataifa. Andika "nguvu ya mataifa makubwa", "nguvu ya fedha", au "nguvu ya kisiasa", na badala ya "utafiti wa" tumia "utafiti kuhusu".

Tuje kwenye haki, ambako kalamu nyekundu ilifanya kazi ya maana.

Haki iko ngeli ya I-/ZI-, haibadiliki umbo katika wingi. Kinachobaki kubeba tofauti ni hicho kiunganishi kidogo ulichokatiwa. "Haki za kijamii" zinahesabika: afya, elimu, makazi, maji safi, chakula. Mtu anaweza kukuorodheshea, na Katiba ya Kenya ya 2010 imeziorodhesha katika kifungu cha 43. "Haki ya kijamii" haihesabiki. Ni hali ya jamii kugawana vyake bila kuonea. Ndiyo haki ya wimbo wa taifa wa Kenya, "haki iwe ngao na mlinzi", na ndiyo ya utangulizi wa Katiba ya Tanzania: uhuru, haki, udugu na amani. Nchi inaweza kuwa na haki za kijamii zimejaa kwenye karatasi, na haki ya kijamii isionekane. Kifungu cha 10 cha katiba hiyohiyo ya Kenya kinataja haki ya kijamii na haki za binadamu kila moja kivyake, kwa hiyo waliokiandika hawakuziona kuwa kitu kimoja.

Nakubali kuna mtego: "haki ya elimu" nayo ni "ya", na ni ile inayohesabika. Sentensi ikiyumba, sema "haki katika jamii" uendelee. Wapo wanaopendekeza "uadilifu wa kijamii", kwa kufuata Waarabu. Silipendi. Kwa Kiswahili cha leo uadilifu ni sifa ya mhasibu asiyeiba, na unaweza kuwa na wahasibu waadilifu watupu katika nchi inayowanyima maskini kila kitu.

Na usidanganyike na sauti: hakimu na mahakama hawana undugu na haki. Hao ni wa ukoo wa hukumu. Ndugu wa haki ni hakika na hakiki, kwa sababu asili yake ni ukweli, na ndiyo maana mtu akitaka kuaminiwa huapa "haki ya Mungu".

"Siasa ya dunia" iwe "siasa za dunia". Enzi za "Siasa ni Kilimo", kaulimbiu ya Tanzania ya miaka ya 1970, siasa katika umoja iliweza kumaanisha mpango wa serikali, kitu tunachokiita sera siku hizi, na wasomaji wa umri wangu bado watakisikia hivyo. Kama makala inahusu serikali na serikali, andika "siasa za kimataifa". Kama kampuni na mashirika nayo yamo, "za dunia" inatosha.

Kichwa changu kingekuwa "Nguvu ya mataifa makubwa na haki ya kijamii katika siasa za dunia". Humo ndani, utakapolihitaji neno mamlaka, angalia upatanisho wake: "mamlaka aliyopewa" ukisema uwezo wa kisheria, lakini "mamlaka husika zimesema" ukisema taasisi.