Seli zinazokula mfupa na mishipa ya damu wapi na wapi?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 71, mifupa imepungua nguvu, aliteleza tu bafuni mkono ukavunjika. Sasa kaandikiwa sindano ya asidi ya zoledroniki ila wanataka aanze kwa daktari wa meno, kwa nini? Halafu mdogo wangu anayesomea uuguzi anasema hiyo dawa inapiga seli zinazokula mfupa, na eti hizo seli ndo zinaotesha mishipa ya damu. Kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mdogo wako hajakosea, kaiacha njiani tu. Hizo seli zinaitwa osteoklasti, zinatokana na uboho, ukoo mmoja na seli za kinga zinazomeza vijidudu. Zinamwaga asidi inayoyeyusha madini ya mfupa, halafu vimeng'enya vinakata kolajeni, protini inayoushikilia mfupa. Zamani tulizichukulia kama wabomoaji basi, kumbe ndani ya mfupa na gegedu (ile tishu ya kunyumbulika kama ya sikioni) kuna VEGF imehifadhiwa, yaani protini inayoita mishipa ya damu, na kimeng'enya kimoja kinachotolewa na osteoklasti, MMP-9, kinaifungulia. Mwaka 1998 panya wasio na MMP-9 walichunguzwa, mishipa ikachelewa kuingia kwenye gegedu linalorefusha mifupa. Tena 2014 ikaonekana hata osteoklasti changa, kabla hazijaanza kula chochote, zinatoa protini nyingine, PDGF-BB, inayovuta mishipa, na kandokando ya hiyo mishipa ndo wanajikusanya wajenzi wa mfupa mpya. Mengi ya haya ni ya panya lakini, tusiyabebe yote kwa mama.

Sasa meno. Taya linafanya ukarabati sana, yaani mfupa wa zamani unabomolewa na mpya unajengwa, na mdomo umejaa bakteria. Ukizipunguza osteoklasti kwa hiyo sindano halafu jino likang'olewa, mara chache kidonda kinagoma kupona na mfupa unafia pale. Tangu 2003 madaktari wanaripoti hilo. Mishipa kupungua inatajwa kwenye sababu, pamoja na maambukizi na ukarabati kuzimwa. Hatari ni kubwa kwa wagonjwa wa saratani wanaochomwa dozi nyingi, kwa mama anayechomwa mara moja kwa mwaka ni ndogo mno, kuvunjika nyonga kunanitisha zaidi.

Kwa hiyo ang'oe ya kung'olewa kwanza, fizi zipone, ndo achomwe. Na kila akienda kwa meno aitaje hiyo sindano, hata miaka ikipita, maana inakaa mfupani muda mrefu.