Gari Lisilopata Joto Nalo Ni Gonjwa

MASWALI YA WASOMAJI: GARI LAKO

Wataalamu, hamjambo? Nina Corolla ya 1996, injini 5A-FE, gia otomatiki. Nikiondoka Kabale, huku milimani Uganda, alfajiri kwenda Mbarara, mshale wa temperecha haunyanyuki hadi nikaribie Ntungamo. Petroli inakwisha upesi kuliko zamani. Jirani ananishauri niliache likiunguruma dakika 20 kabla ya kuondoka. Je, ni sawa? — Msomaji, Kabale

Hapana, hizo dakika 20 ziache. Injini ikiwa silensa (ikiunguruma bila gari kwenda) huzalisha joto kidogo sana, na wakati huo kompyuta ya injini inamimina petroli nyingi kwa sababu inajua injini ni baridi. Petroli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda, huosha oili inayolinda ringi za pistoni, kisha huishia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuifanya oili yote iwe nyepesi mno. Washa gari, subiri nusu dakika hadi moja ili oili ipande, kisha ondoka taratibu. Usipige resi wala usikanyage hadi chini mpaka mshale utulie. Gari zima, hata kwa baridi ya Kabale, hufikia joto lake ndani ya dakika 10 za mwendo hivi. Mwenye gari la kabureta na choki anaweza kusubiri dakika mbili au tatu, basi.

Gari lako halipati joto hata baada ya kilomita nyingi, na kwa dalili hizo karibu tuna hakika kwamba themostati imekwama wazi au, kama yalivyo mazoea ya gereji nyingi, iling'olewa zamani na fundi aliyesema "huku kwetu ni joto, haina kazi". Kazi inayo. Themostati ni kijilango chenye nta ndani: maji yakiwa baridi hujifunga ili yazunguke ndani ya injini tu na kupata moto haraka, yakifika nyuzi 82 (ndiyo namba ya Toyota nyingi za umri huo) nta hutanuka na kufungua njia ya rejeta.

Isipokuwepo, maji hupita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Kompyuta huendelea kumimina petroli ya injini baridi, mvuke wa maji hauondoki kwenye oili, na utaona utelezi mweupe kama uji chini ya kifuniko cha oili. (Utelezi huo ukiwa kwenye kifuniko tu, wakati oili ya kwenye kijiti cha kupimia ni safi, si gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) iliyokufa, ni unyevu wa injini isiyopata moto. Watu wameshafunguliwa injini bure kwa sababu yake.) Tena giaboksi yako ya otomatiki haiingii overdraivu (gia ya juu kabisa) mpaka maji yapate joto la kutosha, kwa hiyo injini inazunguka kwa kasi njia nzima. Hapo ndipo petroli yako inapokwendea.

Hakikisha hivi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, iwashe na ushike mpira wa chini wa rejeta, ukiangalia mkono na nguo zisikaribie feni wala mikanda. Kwenye Toyota hizi themostati ipo upande huo. Mpira unatakiwa ubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu upate moto ghafla. Ukianza kuwa vuguvugu mapema, pamoja na mpira wa juu, themostati haipo au haifungi.

Kuibadilisha si kazi kubwa. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua koki iliyo chini ya rejeta na ukinge maji kwenye beseni. Fuata mpira wa chini hadi unapoingia kwenye injini. Hapo pana kifuniko cha chuma chenye nati mbili ndogo za spana namba 10. Weka themostati mpya na pete mpya ya mpira, bila gundi ya silikoni. Kuna kijitundu chenye pini inayotikisika. Kikae juu, kwa sababu hewa hutoka kupitia hapo. Ukikiweka chini, hewa inanasa na gari linaweza kuchemsha siku hiyo hiyo. Kaza nati kwa mkono mwepesi, maana bolti zake ni nyembamba.

Jaza maji polepole, hita ikiwa kwenye moto kabisa na kifuniko cha rejeta kikiwa wazi tangu injini ikiwa baridi. Washa, minyaminya mpira wa juu mapovu yatoke, ongeza maji kila yanaposhuka hadi yasishuke tena, kisha funga kifuniko. Acha feni iwake na kuzima mara mbili. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama tena.

Ukiwa Kisekka, soko la vipuri Kampala, kununua, soma namba iliyogongwa kwenye shaba ya themostati, na ukifika nyumbani ijaribu kwenye sufuria kabla ya kuifunga. Hapa watu wa milimani muwe waangalifu. Themostati ya 82 hufunguka wazi kabisa, milimita 8 au zaidi, maji yakiwa kwenye nyuzi 95. Lakini Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria huko huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kampala ni 96. Kwa hiyo ikifunguka ila isifike mwisho, usiitupe. Ya namba 88 itafunguka kidogo tu. La muhimu ni kwamba ikiwa baridi inafunga kabisa, na kwenye maji yanayochemka inafunguka pasipo kusukumwa.

Ukishaibadilisha na petroli bado inakwenda, pima sensa ya joto ya kompyuta, ile yenye waya mbili (ya waya moja ni ya mshale). Ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20, isome omu (ukinzani wa umeme) 2,000 hadi 3,000. Kwenye nyuzi 80 isome 200 hadi 400. Na kama unatumia oili ya 20W-50, kwa baridi ya kwenu 10W-40 hupanda haraka zaidi asubuhi.

Teksi yetu ni Hiace ya dizeli, injini 2L. Kwenye tambarare haina neno, lakini tukipakia abiria Mbale na kupanda Kapchorwa inachemsha kabla ya kufika. Fundi ameshatoa themostati, bado. Tufanyeje? — Dereva, Mbale

Kwanza irudisheni. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina sahani ya pili kwa nyuma. Maji yakipata moto, sahani hiyo huziba njia ya mkato inayoyarudisha kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji ya moto haipoozwi kabisa. Kwenye tambarare hamtaona tofauti. Mlimani, na mzigo juu, mtaiona. Ndiyo maana vitabu vya Toyota vyenyewe vinakataza kuitoa hata kama gari linachemsha.

Kisha tazameni feni. Mlimani gari linakwenda polepole, upepo wa njiani haupo, kwa hiyo feni ndiyo inayobeba kazi. Feni ya Hiace inashikwa na klachi yenye mafuta ya silikoni. Zimeni injini ikiwa moto kabisa, ufunguo mfukoni, halafu zungusheni feni kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito na isimame mara moja. Ikizunguka yenyewe raundi mbili tatu, au mkiona mafuta yaliyoganda na vumbi katikati yake, klachi imekufa. Angalieni pia lile kava la plastiki linaloizunguka feni. Magari mengi ya teksi hayanalo tena, na bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta.

Rejeta yenyewe: vumbi la murramu na nyasi hujaa kati ya mapezi, hasa pale inapobanana na kondensa (rejeta ya eisi). Oshani kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kwenda nje, si kinyume. Injini ikizimwa baada ya kupata moto, pitisheni kiganja karibu na uso wa rejeta. Sehemu iliyo baridi imeziba kwa ndani.

Kifuniko cha rejeta ni kitu cha bei ndogo chenye kazi kubwa. Kilichoandikwa 0.9 (ndicho kipimo cha msukumo kinaoustahimili) hushikilia maji yasichemke hadi karibu nyuzi 115 hata kule Kapchorwa. Springi yake ikichoka, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na injini nzima kabisa inaonekana mbovu. Mpira wake ukiwa na nyufa au umekauka, badilisheni.

Mkiwa njiani na mshale unaanza kupanda: zimeni eisi, fungueni hita mpaka mwisho, teremsheni gia ili feni izunguke kwa kasi na mguu uwe mwepesi. Usipokubali kushuka, egesheni. Kama maji bado yapo na hayajatapika, acheni injini iungurume silensa dakika chache. Kama yametapika, zimeni, na msiguse kifuniko mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Hiyo ni nusu saa au zaidi, abiria walalamike wasilalamike. Kumwaga jerikani la maji baridi kwenye hedi ya moto ndiyo njia fupi ya kuipasua, na hedi za 2L zinajulikana kwa kupasuka.

Subaru Forester yangu, injini EJ20, inachemsha kwenye jamu ya Jinja Road. Maji hujaa kwenye chupa ya pembeni na hayarudi. Nimeshauriwa nitie yai au manjano kwenye rejeta. — Msomaji, Kampala

Usitie chochote. Yai na bizari huziba matundu madogo ya rejeta na ya hita kabla hazijafika penye ufa.

Kwanza angalia kama feni zote mbili zinawaka. Zikiwaka, anza asubuhi: washa injini baridi na ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, maji yakiwa bado baridi, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Baadaye, injini ikiwa moto, tazama chupa: mapovu yasiyokoma yana maana hiyo hiyo. Gereji yenye kipimo cha kemikali itathibitisha. Dawa ya buluu hugeuka manjano ikikuta moshi.

Ikithibitika, ni gasketi za hedi, na kwenye Subaru badilisha pande zote mbili kwa wakati mmoja. Hedi zipelekwe kupimwa. Zikipinda zaidi ya milimita 0.05, zisawazishwe. Chukua gasketi za chuma zenye tabaka kadhaa, na kwa kuwa injini imeshafunguliwa, badilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji. Themostati iwe ya asili, yenye kiini kikubwa. Zile nyembamba za bei rahisi huchelewa kuitikia, na mshale unapanda na kushuka. Wakati wa kujaza, fungua skrubu ya hewa iliyo juu ya rejeta, maana injini hii iliyolala hunasa hewa vibaya.

Je, maji ya kisima cha pampu yanafaa kwenye rejeta? — Msomaji, Lira

Kwa dharura tu. Yana chumvichumvi nyingi, zinazoganda kwenye kuta kama ule ukoko wa ndani ya birika. Tumia kulanti (dawa ya rejeta) nusu na maji yaliyosafishwa kwa mvuke (distilled) nusu, ubadilishe kila baada ya miaka miwili au kilomita 40,000. Kwetu hakuna barafu, lakini kulanti inazuia kutu na kulinda sili ya pampu. Ukiyanunua kwa jina la "maji ya betri" soma chupa vizuri, kwa sababu nyingine ni asidi. Na kulanti ni sumu yenye utamu. Usiiache kwenye beseni penye watoto au mbwa.

Fundi aliunganisha feni ya Corolla yangu dairekti, inazunguka muda wote. Kuna ubaya? — Msomaji, Masaka

Upo. Injini inachelewa kupata joto, alteneta inabeba mzigo usio na sababu, na mota ya feni inakufa mapema bila wewe kujua. Rudisha waya za awali, kisha tafuta ilipo swichi ya joto ya feni na uchomoe plagi yake ufunguo ukiwa kwenye "on". Kwenye Corolla za miaka ya tisini feni inatakiwa iwake ukichomoa. Ikiwaka, mota na relei ni nzima na tatizo ni swichi, ambayo huwasha feni kwenye nyuzi 93 na kuizima kwenye 83. Isipowaka, pima fyuzi na relei kabla ya kununua mota.