Maswali ya Wasomaji: Mke amevunjika mguu, na mimi ndiye muuguzi

SWALI: Mimi ni mtunza stoo katika kampuni binafsi hapa Morogoro. Mke wangu ana kibanda cha chai na maandazi karibu na kituo cha daladala, na tuna watoto wawili, mmoja yuko darasa la tatu na mwingine chekechea. Mwezi uliopita mke wangu alikuwa amepakiwa kwenye bodaboda, gari dogo likachomoka barabara ya pembeni na kuwagonga, naye akavunjika mifupa yote miwili ya muundi. Amefungwa plasta gumu kutoka juu ya goti hadi karibu na vidole, na daktari amemkataza kabisa kuukanyagia mguu huo.

Tangu hapo ninaamka saa kumi alfajiri, ninapika, ninawaandaa watoto, ninambeba mke wangu kumpeleka chooni (tumepanga, na choo kiko uani, ni cha kuchuchumaa), ninamwogesha, kisha ninakimbilia kazini. Nikirudi jioni ninaanza upya. Nimeshachelewa kazini mara kadhaa na nimepewa barua ya onyo. Yeye naye amebadilika: analia bila sababu, anafoka, anasema amekuwa mzigo. Hata maji hanywi mpaka nimlazimishe, na mchana kutwa hajisaidii mpaka nirudi. Mama mkwe yuko tayari kuja kutoka Singida kunisaidia, lakini tuna chumba na sebule tu, na kwa mila zetu si heshima mkwe na mama mkwe kubanana namna hiyo. Je, nichukue likizo yote nikae nyumbani? Nimkubalie mama mkwe? Na hasira za mke wangu nizichukuliaje? Majirani nao wameanza kunicheka kwamba nimelishwa limbwata. — Baba wa Wawili, Kihonda.

JIBU: Baba wa Wawili, pole sana na kuuguza, na mgonjwa naye mfikishie pole zetu. Umeuliza juu ya likizo, mkwe na hasira, lakini jambo la haraka kuliko yote umelitaja kwa kupita tu, kwamba mkeo hanywi maji na kwamba anajizuia kutwa nzima hadi urudi. Mtu anayeshinda kitandani, tena akiwa anatumia dawa za maumivu, hupata choo kigumu kwa urahisi. Akijinyima maji hali huwa mbaya zaidi, mkojo unaokaa muda mrefu kibofuni hukaribisha maambukizi, na damu ya mtu asiyejongea na aliyepungukiwa maji huganda kwa urahisi zaidi ndani ya mishipa ya miguu. Usimwone mkaidi. Amepiga hesabu yake mwenyewe, akaona kwamba kila kikombe cha maji ni safari nyingine ya kubebwa uani mbele ya wapangaji wenzenu, basi ameamua kutokunywa. Ukimlazimisha kunywa bila kuigusa hesabu hiyo, mtagombana kila siku.

Kwa hiyo tafuta choo cha chumbani kabla ya kutafuta likizo. Kama hamwezi kununua kiti maalumu, chukua kiti imara cha plastiki chenye mikono, kata tundu katikati ya kikalio, sugua kingo zake kwa msasa mpaka zisikwaruze, kisha weka chini yake ndoo yenye mfuniko na maji kidogo. Kwa kuwa kiti kilichotobolewa hupungua nguvu, ukalie wewe kwanza kwa uzito wako wote. Kikipinda, mpe seremala kazi ya kutengeneza cha mbao. Kiegemeze ukutani juu ya gunia ili kisiteleze, upande wa mguu wake mzima, weka kigoda mbele cha kuutegemeza mguu wenye plasta, na ning'iniza pazia. Wakati wa kuhama kutoka kitandani, yeye asukume kwa mikono yake na kusimama kwa mguu mzima, nawe umshike kiunoni kwa kanga uliyoizungusha na kuikaza; usimvute mikono, na usimbebe tena mzimamzima, kwa sababu ukiumia mgongo nyumba hiyo itakuwa na wagonjwa wawili na muuguzi hakuna. Mchana mwombeni mwanamke mmoja apite kumwaga ndoo na kumjulia hali. Mkeo amchague mwenyewe, maana aibu ni yake, na huenda akamkataa jirani unayemwona wewe kuwa ndiye mwema kuliko wote.

Hilo likikaa sawa, utaona kwamba sehemu kubwa ya pilika zako za alfajiri zinaweza kuhamia usiku wa jana yake. Chupa ya chai au uji, chupa kubwa ya maji, dawa zilizopangwa kwa saa zake, simu iliyochajiwa, beseni na taulo, vyote viwe mahali ambapo mkono wake unafika bila kuinuka. Kuoga kuhamie jioni, mkiufunika mguu kwa mfuko wa plastiki uliofungwa juu ya plasta, na hata hivyo usimwagiwe maji, kwa sababu plasta ikilowa hulegea na ngozi iliyo chini yake huchubuka. Na akiwashwa ndani ya plasta asijikune kwa kijiti wala sindano ya kufumia. Kidonda kidogo mahali usipopaona ni taabu kubwa.

Sasa nije kwenye hasira zake. Umeeleza kwa ufasaha kazi zote unazozifanya, lakini katika barua nzima sikuona kazi hata moja anayoifanya yeye. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akiwasha jiko kabla ya jogoo kuwika, akikopesha, akidai, na kujua nani hajalipa chai ya juzi. Leo anaogeshwa, analishwa, na kuulizwa kama amemeza dawa. Ningelikuwa mimi ningefoka pia. Aliyevunjika ni mguu. Mikono yake, kichwa chake na daftari lake la madeni viko salama. Mrudishie kazi zinazofanyika kwa kukaa: kuchambua mchele, kumenya viazi, kukatakata mboga, kumsimamia mtoto wa darasa la tatu anapofanya kazi za shule, na kumvalisha sare yule mdogo. Zaidi ya hayo mrudishie biashara. Kama kuna binti aliyekuwa akimsaidia kibandani, aendelee hata kwa nusu ya mtaji, mkeo apokee hesabu kila jioni, apange manunuzi kwa simu, na hata unga aweze kuukanda akiwa ameketi, binti akaukaange kibandani. Mapato yatapungua, ndiyo, lakini wateja wa chai wakishazoea kibanda kingine si rahisi kuwarudisha, na yeye atakuwa na jambo la kuzungumza nawe usiku zaidi ya maumivu. Endapo baada ya hayo bado analia kila siku, halali, hataki kula au anasema ni afadhali afe, hilo lisemeni mbele ya daktari waziwazi kama mnavyosema habari za mguu.

Kuhusu kazi yako, nisingekushauri uchukue likizo yote sasa. Mfupa wa muundi wa mtu mzima mara nyingi huchukua kati ya miezi 3 na 6 kuunga, na mifupa yote miwili ikivunjika ni busara kutarajia upande wa miezi mingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Ukizimaliza mwezi huu, siku ya kubadilisha plasta au kupiga picha ya eksirei utaomba ruhusa kwa mtu ambaye tayari amekuandikia onyo. Jambo la kusikitisha ni kwamba sheria hiyo, ilipoweka siku 4 za dharura zenye malipo, ilitaja ugonjwa wa mtoto, na kwa mwenza ikataja kifo tu. Walioiandika huenda hawakufikiria mume atakayebaki na mke aliyevunjika mguu. Kwa hiyo mwandikie mwajiri sasa, kabla ya barua ya pili, uambatanishe cheti cha daktari, ueleze muda unaotarajiwa na uombe jambo mahususi: zamu moja isiyobadilika, au kuingia saa moja baadaye na kutoka saa moja baadaye, na likizo yako kugawanywa kufuata tarehe za kliniki. Mwajiri hukubali kwa urahisi zaidi ombi lenye mwanzo na mwisho.

Usiache pia haki ya mkeo ipotee. Bima ya gari ya mtu wa tatu ni ya lazima Tanzania kwa ajili ya watu wa namna yake, walioumizwa na gari la mwingine. Tunzeni nakala ya PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, na risiti zote za matibabu na usafiri, chukueni polisi taarifa ya ajali na jina la kampuni iliyoikatia bima gari hilo, kisha mpeleke madai kwa maandishi. Wakiwazungusha, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ndiyo msimamizi wao. Msikubali kumalizana na dereva pembeni kwa fedha ya haraka huku hamjajua mguu utaponaje. Na kama mkeo yumo kwenye kikoba, ulizeni habari za mfuko wa jamii. Vikundi vingi huutenga kwa ajili ya ugonjwa na misiba, na wengi huona haya kuudai.

Mama mkwe usimkatalie, ila usimlaze sebuleni kwako. Ombeni chumba kwa jirani au kwa ndugu wa ukoo aliye karibu, alale huko, aje asubuhi na kuondoka jioni ukirudi. Heshima itabaki na mkeo atapata mtu wa mchana. Mwulizeni mkeo kwanza. Wapo wanawake ambao ujio wa mama ni dawa, na wapo ambao ni mgonjwa wa pili wa kutunzwa. Kama ni wa kundi la pili, mdogo wake au dada yako atafaa zaidi, hata kwa wiki za mwanzo tu. Limbwata waachie wenyewe majirani.

Jambo la mwisho kwako ni alama za hatari, ambazo yeyote anayeshinda na mgonjwa lazima azijue. Vidole vya mguu vikiwa vya baridi, vikipauka au kugeuka rangi ya bluu, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi licha ya dawa na kuchoma zaidi vidole vinapochezeshwa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Fanyeni hivyo pia akipata homa, plasta ikitoa harufu au kulowa kutoka ndani, paja au mguu ule mwingine ukivimba na kuuma, na hasa akibanwa pumzi au kifua ghafla. Siku za kawaida mguu ulale juu ya mito, uwe juu kidogo kuliko kifua, kisigino kikining'inia bila kugusa kitu, na vidole avichezeshe kila mara.

Ulikuwa pia na mstari mdogo, ambao hatukuuchapa, ukiuliza kuhusu supu ya makongoro. Mpe, ni tamu na inampa maji, lakini usiihesabu kuwa ndiyo tiba. Maharage, mayai, maziwa, mboga za majani, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao vinamjenga zaidi, na havimalizi mshahara.

SWALI: Mume wangu ni fundi ujenzi, alianguka kutoka jukwaani akavunjika mguu. Ana miezi miwili kwenye plasta. Kaka zake wanasema hospitali wanamchelewesha, wanataka tuikate plasta nyumbani na kumpeleka kwa mzee mmoja anayeunga mifupa kwa kukanda. Mume wangu ameanza kukubaliana nao kwa sababu anataka kurudi kazini. Mimi naonekana mpinzani. — Mama Karimu, Tanga.

JIBU: Mama Karimu, shikilia msimamo wako. Miezi miwili kwa mguu wa mtu mzima si ucheleweshaji, ni mwendo wa kawaida, na mfupa ambao haujashikana ukikandwa unaweza kusogea, kuunga ukiwa umepinda, au kutounga kabisa. Hapo fundi anayepanda majukwaa atakuwa amepoteza kazi yenyewe anayoikimbilia. Kama mumeo anavuta sigara, mwambie aache, kwa kuwa sigara ni kichelewesho kinachojulikana cha mfupa kuunga, na hicho kiko mikononi mwake.

Lakini usibishane na shemeji zako ukumbini, maana huko utashindwa kwa wingi wao. Siku ya kliniki mchukue yule mwenye sauti kubwa kuliko wote aende nanyi, kwa heshima, kama msaidizi wa kumshika mgonjwa. Mwombe daktari aweke picha ya eksirei ya siku ya kwanza kando ya hii ya sasa, amwonyeshe mahali palipovunjika, kisha huyo shemeji aulize mwenyewe: mfupa umefikia wapi, lini ataruhusiwa kuukanyagia, na kwa uzito kiasi gani. Majibu mwandikiwe kwenye karatasi. Mkirudi nyumbani, kaka ndiye atakayewasimulia kaka zake.